Je, Wajua? Bei ya Kuuguzwa Uzeeni

Je, wajua kwamba mwaka 1995 Wajerumani waliifuta sikukuu moja ili ipatikane fedha ya kuwauguza wazee wao? Ilikuwa Siku ya Toba na Sala, sikukuu ya Kiprotestanti inayoangukia Jumatano ya mwezi Novemba. Serikali ilikuwa ikianzisha bima ya lazima ya kuwatunza wasiojiweza, mchango wake ukatwe nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na waajiri wakalalamika kwamba mzigo umewazidi. Suluhu ikawa watu waende kazini siku moja zaidi kwa mwaka. Jimbo la Saxony peke yake ndilo lililong'ang'ania sikukuu yake, na mpaka leo mfanyakazi wa huko hukatwa sehemu kubwa kuliko mwajiri wake.

Wajua nani hukatwa zaidi katika bima hiyo? Asiye na mtoto. Mwaka 2025 mchango wa kawaida ulikuwa asilimia 3.6 ya mshahara, na kwa asiye na mtoto asilimia 4.2. Chanzo chake ni uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2001: anayelea watoto amekwisha kuchangia, kwa kuwa watoto hao ndio watakaolipa michango ya kesho. Kwa aliyetafuta mtoto asimpate, jambo hili linauma, nami siwezi kulipuuza. Hata hivyo ni nadra kusikia mahakama ikitamka wazi kwamba kulea ni kazi yenye thamani ya fedha.

Bima hiyohiyo hulipa hata mzee anapouguzwa nyumbani na binti yake au mkwewe. Mwaka 2025 malipo yalikuwa kati ya euro 347 na euro 990 kwa mwezi, kutegemea hali ya mgonjwa.

Je, wajua kwamba nchini Japani mtu huanza kukatwa mchango wa kuuguzwa uzeeni akiwa na miaka 40? Bima yao ilianza Aprili 2000. Kabla ya hapo wazee wengi walikuwa wakilazwa hospitali miezi na miezi, ugonjwa wenyewe umekwisha kutulia, kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwashika mkono. Sasa mzee hulipa asilimia 10 ya gharama (wenye kipato kikubwa hulipa 20 au 30) na bima hulipa iliyobaki. Umri wa miaka 40 haukuokotwa njiani: ndio umri ambao wazazi wa mtu huanza kuhitaji msaada, na yeye mwenyewe bado ana miaka ya kutosha ya kuchangia. Pamoja na maandalizi yote hayo, takriban Wajapani 100,000 huacha kazi kila mwaka ili kumuuguza mzazi au ndugu.

Wajua kutojiweza hupimwaje? Kwa kuhesabu mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutembea ndani ya nyumba, na kuhama kutoka kitandani hadi kitini. Nchini Singapore, bima ya taifa iitwayo CareShield Life, iliyoanza mwaka 2020, humlipa kila mwezi mtu aliyeshindwa kufanya matatu kati ya hayo sita bila kusaidiwa, na huendelea kumlipa maadamu hali ni hiyo. Malipo yalianzia dola 600 za Singapore. Kwa waliozaliwa mwaka 1980 na kuendelea, bima hiyo ni ya lazima, na michango huanza wakifikisha miaka 30.

Hesabu hiyo ya mambo sita unaweza kuifanya wewe mwenyewe ukienda nyumbani Desemba, bila kumuaibisha mtu. Mtazame baba anapofunga vifungo vya shati: vidole vinafuata, au amehamia kwenye fulana na kanzu? Akiinuka kwenye kochi anashika nini? Mama anaoga muda gani, na ndoo ya maji inabebwa na nani? Mzee akianza kushindwa jambo moja, muda wa kupanga bado upo. Akishindwa matatu, mmekwisha kuanza kulipa.

Je, wajua kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana? Pale mfupa unapobana ngozi dhidi ya godoro, kwenye kisigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, damu haipiti vizuri. Ngozi hubadilika rangi, kisha huchubuka, na kidonda kinaweza kwenda chini mpaka mfupani. Wauguzi wana njia yao: shuka au kanga hukunjwa mara mbili ikatandikwa chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi nyonga, watu wawili wakashika pembe zake, wakahesabu pamoja na kumnyanyua bila kumburuta. Mtu mmoja hawezi kumnyanyua hivyo, humburuta, na kuburutwa ndiko kunakochuna ngozi. Kidonda kikishafunguka, kukisafisha na kukifunga ni kazi ya miezi, na kila kufunga kuna bei yake.

Juma moja lina saa 168. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa kikomo cha saa za kawaida za kazi kwa wiki. Gawanya. Mgonjwa anayehitaji mtu karibu yake wakati wote anahitaji watu karibu wanne wanaopokezana, na hapo hakuna aliyeumwa wala aliyekwenda likizo.

Sasa fikiria nyumba nyingi tunazozijua. Kazi ya watu wanne inafanywa na dada wa kazi mmoja, ambaye pia anapika, anafua na kuwavalisha watoto sare za shule. Tunasema tumempatia mama msaidizi. Ukweli ni kwamba gharama tumeipunguza kwa kumnyima binti wa watu usingizi, na asubuhi tunashangaa kwa nini mama hakugeuzwa.

Je, wajua nepi nne kwa siku ni ngapi kwa mwaka? Ni 1,460. Zidisha kwa bei ya duka la dawa la mtaani kwako, kisha ongeza glovu, sabuni, mafuta ya kupaka, maji ya kufulia mashuka kila siku, uji wa lishe, na teksi ya kwenda kliniki kwa sababu daladala hawezi kuipanda tena. Bili ya hospitali ni kubwa, inakuja mara moja, na ukoo mzima unaijua. Hizi ndogondogo hulipwa na mtu mmoja, kila siku, kimya. Familia inayotaka kupanga kwa haki ianze na daftari: andikeni kila shilingi kwa miezi mitatu, halafu ndipo mwitane kikao. Mabishano mengi ya ndugu huishia pale daftari linapofunguliwa.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya gharama ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani ni jasho la ndugu wasiolipwa? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria gharama ya dimentia kwa mwaka 2019 kuwa dola trilioni 1.3. Takriban nusu ya fedha hizo ni thamani ya kazi ya wanafamilia na marafiki, wanaotumia wastani wa saa tano kwa siku kumwangalia mgonjwa. Asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake.

Takwimu hiyo ina sura, nasi tunaijua. Ni yule binti aliyekuwa na genge lake au kazi yake ya ofisini mjini. Baba alipopata kiharusi, kaka zake wakakubaliana kwamba yeye ndiye mwenye nafasi. Akarudi nyumbani. Wengine wanatuma fedha, naye anatoa jasho. Miaka inapita, mzee anafariki, kundi la WhatsApp la familia linamshukuru, kila mmoja anarudi kwake. Yeye ana miaka 50 na kitu, genge lilishachukuliwa na mwingine, na michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikoma siku aliyofunga begi. Uzee wa baba umelipiwa kwa uzee wake. Kama kuna jambo moja ningependa kila familia iliweke mezani kabla ya kumwita mtu arudi kuuguza, ni hili: nani ataendelea kumlipia michango yake ya pensheni kwa muda wote atakaokuwa huko? NSSF ina utaratibu wa kujichangia kwa hiari. Ndugu watatu wakigawana kiasi hicho, hakuna atakayelala njaa.

Je, wajua kwamba katika mitaa mingi ya miji yetu kuna chama cha kuzikana, lakini ni shida kukuta cha kuuguzana? Turubai, viti, sufuria, basi la kupeleka msiba mkoani, vyote vina mfuko, mweka hazina na faini kwa asiyechanga. Mazishi huchukua siku tatu. Kulala kitandani kunaweza kuchukua miaka minane, na kwa miaka hiyo yote mtu hupewa pole na kuombewa. Najua sababu moja: msiba una tarehe, kila mtu anaona ulipoanza na ulipoisha. Lakini katiba ya chama huandikwa na wanachama wenyewe. Vipo vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vina mfuko wa jamii pembeni ya mfuko wa mikopo, na hakuna kinachozuia kuongeza kifungu: mwanachama akiwa na mgonjwa wa kitandani kwa zaidi ya miezi mitatu, apewe kiasi fulani kila mwezi, na wanachama wawili waende zamu ya usiku mara moja kwa juma ili mwenye mgonjwa alale. Zamu hiyo ya usiku haina gharama ya fedha, na aliyewahi kuuguza anajua thamani yake.

Wajua pensheni ya wazee wote, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa, ilianza lini Zanzibar? Aprili 2016, kwa waliofikisha miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kuanzia miaka 70. Uganda huwapa shilingi 25,000 za kwao waliotimiza 80. Fedha hizi zina heshima kubwa kwa mzee anayezipokea mkononi mwake, kwa kuwa anaweza kununua sukari bila kuomba. Ila zisichanganywe na fedha ya uuguzi. Nairobi, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Inua Jamii ni kama sehemu moja ya nane ya mshahara huo, na tumeona kwamba mtu mmoja hatoshi.

Kwa wastaafu wa Tanzania, mjadala mkali umekuwa wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, uliwekwa asilimia 33 Julai 2022, kisha bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa baadhi ya wanachama na 35 kwa wengine. Nawaelewa wanaoupigania, maana ada na deni la kiwanja havisubiri. Lakini ukipanga kwa ajili ya kuuguzwa, itazame zaidi ile pensheni ya kila mwezi. Nepi hununuliwa kila mwezi, mshahara wa msaidizi ni wa kila mwezi, na pensheni ya mwezi haiwezi kukopwa yote na mpwa mwenye wazo la biashara.

Na makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, au Sebleni na Welezo Unguja? Yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza, wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto na mshahara asiyahesabu katika mipango yake.

Je, wajua kwamba Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, hailipii mtu kukaa nyumba ya uuguzi mpaka mwisho wa maisha yake? Sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na mamilioni ya Wamarekani hadi leo hudhani inalipia kila kitu. Inalipia siku zisizozidi 100 baada ya kulazwa hospitali, tena kwa anayehitaji huduma ya kitaalamu. Siku 20 za kwanza kwa ukamilifu, zilizobaki mgonjwa akichangia. Kuogeshwa, kulishwa na kuvalishwa kwa muda mrefu hakumo. Na mwaka 2024 chumba cha peke yako katika nyumba ya uuguzi kwa kawaida kilizidi dola 120,000 kwa mwaka.

Wajua anayelipia ni nani basi? Mara nyingi ni Medicaid, mpango wa watu maskini, yaani mtu hutakiwa kwanza amalize alicho nacho. Katika majimbo mengi asiye na mwenzi hubakiwa na akiba isiyozidi dola 2,000. Ukigawa mali ili uonekane maskini, sheria hutazama nyuma miaka mitano. Nyumba kwa kawaida huachwa ukiwa hai, lakini tangu sheria ya mwaka 1993 majimbo hutakiwa kudai fedha zao kwenye mirathi.

Pennsylvania ina sheria ya zamani inayowabana watoto wa wazazi wasiojimudu. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ilithibitisha kwamba mwana mmoja alipe takriban dola 93,000 za nyumba ya uuguzi aliyokaa mama yake.

Haya yanawahusu Waswahili wa kule moja kwa moja. Wakenya na Watanzania wengi Marekani hufanya kazi hiyohiyo ya kuwaogesha na kuwageuza wazee wa watu, zamu za usiku, mwaka baada ya mwaka, na mgongo wao ndio unaobeba. Wengi wamefika miaka 60 sasa, na wengine huamini watarudi nyumbani kabla ya kuhitaji mtu wa kuwaosha. Aliyeko jimbo la Washington atazame hati yake ya mshahara: tangu Julai 2023 hukatwa asilimia 0.58 kwa ajili ya mfuko wa uuguzi wa WA Cares, ambao malipo yake yalipangwa kuanza Julai 2026, hadi dola 36,500 kwa maisha yote ya mtu. Hazifiki hata nusu ya mwaka wa nyumba ya uuguzi. Kwa kumlipa mtu wa kuja nyumbani saa chache kwa juma, zinaweza kwenda mbali.

Nchini England nako, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia uuguzi mwenyewe, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010. Wananchi waliahidiwa kikomo cha gharama cha pauni 86,000 kwa maisha. Kikaahirishwa, na Julai 2024 kikafutwa. Scotland, nchi jirani yao, huduma ya kuwaosha na kuwavalisha wazee ni bure tangu 2002.

Je, wajua kwamba hati ya uwakala aliyokusainia mzazi inaweza kupoteza nguvu wakati ule unapoihitaji zaidi? Sheria ya mikataba ya Tanzania ilichukua umbo lake kwenye ile ya India ya mwaka 1872, na kwa sheria hiyo uwakala hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Mama akishafika mahali hakutambui, karatasi ya kuuza shamba au kutoa fedha benki haikusaidii, na itabidi mwende mahakamani. Akiba ya kumuuguzia ipo, ila imefungwa. Namba ya siri ya simu yake nayo aliijua peke yake. Kwa hiyo mambo haya yapangwe na mzee mwenyewe, akiwa na akili zake: akaunti ya pamoja, hati za nyumba zilipo, nani anadaiwa, na yeye anataka auguzwe wapi na nani. Swali hilo la mwisho waulizwe kina mama kwa faragha, kwa kuwa mbele ya watoto wa kiume wengi watasema popote mtakapoamua.

Je, wajua upana wa mlango wa choo cha nyumba unayojengea uzee wako? Wengi hupokea kiinua mgongo, wakamalizia nyumba yenye ngazi tatu barazani, vigae vinavyong'aa bafuni na mlango wa choo wa sentimita 70. Kiti cha magurudumu kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya anayejisukuma inahitaji nafasi pembeni. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 85 au 90, ufunguke kwa nje ili mtu akianguka ndani asiuzuie. Karibu na choo cha kukaa, mwambie fundi aache tofali imara au nondo ukutani pa kufungia bomba la kushikia, kimo cha kiuno. Sakafu iwe ya vigae vya kukwaruza. Pembeni ya ngazi za mbele, mteremko wa zege: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita 12 za kwenda mbele.

Msingi ukiwa bado haujafukiwa, haya yote ni mazungumzo ya nusu saa na fundi.